Nilimvuta Shemeji Asisagwe na Behewa, Nikaitiwa Kikao

Mwanaume niliyemvuta asisagwe na behewa la mawe aliniitishia kikao cha ukoo kesho yake asubuhi.

Kosa langu? Nilimgusa.

Sitanii. Soma mpaka mwisho, halafu uniambie kama na wewe hutasikia kichefuchefu.

Naitwa Kamlesh. Ni mtu wa Dholpur, upande wa machimbo ya mawe mekundu.

Wakati ule reli ndogo ilikuwa bado inabeba mawe. Asubuhi injini inakuja, inatuachia mabehewa matupu kwenye reli ya pembeni, inaondoka zake. Jioni inarudi kuyachukua yakiwa yamejaa. Hapo katikati shughuli yote ni yetu.

Wanaume walisogeza mabamba makubwa kwa mitaimbo. Sisi wanawake tulibeba vipande kichwani, kata ya nguo chini yake, tunapanda ubao, tunamwaga behewani, tunashuka, tunarudi. Kutwa nzima. Jioni ukitema mate yanatoka mekundu kwa vumbi.

Nyapara wetu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu.

Sasa hapa tuelewane. Najua kwenu shemeji ni mtu wa utani. Kwetu wa utani ni mdogo wa mume. Kaka yake mkubwa ni habari nyingine kabisa. Humwonyeshi uso. Husemi naye. Hutaji jina lake. Na kumgusa, hata pindo la nguo tu, ni mwiko.

Anaitwa Hotam.

Haya, nimeliandika. Na mume wangu anaitwa Lakhan. Hilo nalo sikutakiwa kulitamka maisha yangu yote. Wacha niyaandike yote mawili, leo sina wa kumwogopa.

Miaka yote niliyoishi nyumba moja na Hotam, nilimjua kwa miguu. Mtandio wangu ulishuka mpaka kifuani, kwa hiyo nilichokiona ni ardhi tu. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia hakina kucha. Nikikiona hicho kidole, najibanza ukutani mpaka kipite.

Na alikuwa mtu wa kukaa, jamani! Sijawahi kumwona Hotam ameshika mtaimbo. Yeye kazi yake kutafuna tambuu, kutema, na kufoka.

"Nyie wanawake mnatembea kama mmebeba mayai! Pandeni!"

Anatema. Pwaa! Palepale tunapokanyaga bila viatu.

Mabehewa yale breki zake zilikuwa jina tu. Nyingine zimefungwa kwa waya. Na ile reli ya pembeni ilikuwa na mteremko kidogo kuelekea mwisho wa njia. Kwa hiyo kila behewa likifika mahali pa kupakilia, linawekewa jiwe chini ya gurudumu. Jiwe zuri, bapa, lililochongwa kwa kazi hiyo.

Sasa mwenzangu, jiwe bapa lililochongwa vizuri, Hotam ataliona la kufanyia nini?

La kukalia!

Kokoto zilimchoma makalio, maskini. Akishaona breki imeshika, analichomoa lile jiwe, analibeba mpaka kwenye kivuli, anaketi. Shyamwati, mke wake, ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kubeba. Siku hiyo alimwambia mara mbili, kwa sauti ya chini, uso umefunikwa.

"Baba Munesh, rudisha jiwe. Behewa linajaa."

"Wewe ni dereva wa treni? Beba mawe."

Tukabeba mawe.

Jua lilikuwa utosini. Behewa la kwanza lilikuwa limeshajaa, limesukumwa chini mpaka mwisho wa njia. La pili ndilo tulilokuwa tunalijaza, hatua chache juu yake. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na kivuli kizuri, na Hotam alikuwa amelipeleka jiwe lake huko. Baadaye akajisikia haja ndogo. Mtu mwingine angeenda vichakani. Yeye akafungua kamba ya suruali, akachuchumaa hapohapo kati ya reli, mgongo kwa behewa letu.

Mimi nilikuwa nashuka ubao. Kama nilivyosema, mtandio unakuonyesha chini tu. Wanaume wote pale walikuwa wanaangalia mabamba. Mimi nilikuwa naangalia magurudumu.

Nikaona gurudumu linazunguka.

Polepole. Halafu ule waya wa breki ukakatika, tii!

Nikapiga makofi, ndivyo tunavyowaita wakubwa ambao hatuwezi kuwataja jina. Hakugeuka. Nikakohoa. Nikapiga kelele, "Jamani! Jamani behewa!" Pale kila mtu anapiga kelele kutwa, nani atageuka?

Nikasema liwalo na liwe.

"Hotam!"

Hapo akageuka. Na mnajua aliangalia nini? Hakuangalia behewa. Aliniangalia mimi, mdomo wazi, tambuu inamdondoka, kwa mshangao kwamba mke wa mdogo wake amemwita kwa jina. Kachuchumaa vilevile!

Nilikimbia. Nikamkamata ukosi kwa mkono mmoja, kiganja chake kwa mkono mwingine, nikamburuta kama gunia la ngano. Tulianguka pamoja kwenye kokoto.

Nyuma yetu mabehewa yakakutana. Kishindo chake sitakisahau. Bamba lilikatika vipande vitatu, na lile jiwe la kukalia likawa unga.

Vumbi likatulia. Wafanyakazi wote wamesimama wanatazama.

Nyapara wao yuko chini, suruali imebaki magotini, amejilowanisha, anahema. Mtu mmoja akacheka. Halafu wa pili. Halafu wote.

Hotam akasimama, akavuta suruali. Akanisogelea. Mimi nilidhani, mjinga mie, kwamba atasema asante.

"Umeniita nani?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza baada ya kuponea chupuchupu.

Nyumbani nilikuta habari imenitangulia. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Usiingie jikoni. Usiguse chungu. Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu."

"Mama, suruali aliivua mwenyewe, alikuwa anakojoa."

"Na mdomo umeshaota tayari! Leo umeita jina, kesho utamwita nani, babu yake?"

Ndani Hotam alikuwa anaoga. Alioga, akajipaka udongo, akaoga tena. Akaleta kichupa cha maji ya Ganga kinachotunzwa kwa ajili ya watu wanaokata roho, akajimwagia chote. Mikono yangu iliyochubuka kwa kumburuta, hiyo hakuna aliyeiuliza. Shyamwati peke yake alinipitishia mkate wa uwele na kipande cha kitunguu kupitia dirisha la jikoni.

Lakhan akaja kukaa mlangoni, mbali kidogo.

"Kaka anataka kikao," akasema.

"Cha nini?"

"Anataka urudishwe kwenu."

Rachna wangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa amelala mapajani kwangu, kidole mdomoni.

"Na mtoto?"

Akageuka kutazama barabara.

"Lakhan, nimekuuliza. Na mtoto?"

Nilimwita kwa jina, akaruka kama kaumwa na siafu. Lakini alijibu.

"Mtoto ni wa ukoo, Kamlesh. Unajua. Wewe kesho omba msamaha tu, yaishe."

"Msamaha wa kumwokoa kaka yako?"

"Wa... wa kumshika."

"Ulitaka nimwokoeje? Kwa kamba? Kwa barua?"

"Kaka ni kama baba," akasema, akaangalia viatu vyake. Huyo ndiye mwanaume niliyemzalia. Niliona kinyaa, sijui niseme vipi. Kinyaa cha kuona mtu unayelala naye anageuka uji mbele ya macho yako.

Asubuhi tukaitwa kwenye baraza la hekalu dogo, pale karibu na reli. Wanaume juu ya baraza, kwenye mikeka, chai mkononi. Wanawake chini, kwenye mawe, uso umefunikwa. Nilikaa goti kwa goti na Shyamwati. Mitandio yetu ilikuwa ya kitambaa kimoja cha njano, maana Hotam ndiye aliyetununulia sikukuu, na asingepoteza nafasi ya kununua jora zima kwa bei ya jumla. Rachna alikuwa kwa mama mkwe, amemshika barabara. Alinitazama, akanyoosha mikono, bibi yake akamrudisha.

Mwenyekiti alikuwa mzee Puran, baba mdogo wa marehemu baba mkwe.

"Mke wa Lakhan," akasema, "ulimgusa shemeji yako au hukumgusa?"

Mwanamke hajibu wazee moja kwa moja. Unamnong'oneza mama mkwe, naye anasema kwa niaba yako. Nikamnong'oneza: "Mwambie nilimshika asife."

Mama mkwe akanyanyua sauti. "Anasema amekosa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Na jina? Ulimwita kwa jina?"

Nikanong'ona: "Mwambie nilipiga makofi kwanza, hakusikia."

"Anasema hana adabu," mama mkwe akatangaza, "anasema alilelewa vibaya kwao."

Haki ya Mungu, nilitamani kutapika palepale. Wazee wakatikisa vichwa, wakapuliza chai yao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza behewa lilitelezaje. Hakuna aliyeuliza jiwe lilikuwa wapi. Mzee mmoja aliuliza nilimshika mkono wa kulia au wa kushoto, wakaanza kubishana kuhusu hilo! Mkono upi! Watu wazima, wenye mvi!

Hotam alikuwa ameketi amenyooka, kilemba kipya, ameinamisha uso kama bibi harusi.

"Mimi sina chuki," akasema. "Lakini ndani ya nyumba moja siwezi tena kula. Arudi kwao. Mtoto tutamlea."

Aliposema "mtoto tutamlea", Rachna alikuwa analia chini chini, bibi yake kamziba mdomo kwa kiganja. Nikaona vile vidole juu ya mdomo wa mwanangu.

Nikasimama.

"Kaa chini!" mama mkwe akafoka.

"Nitasema mwenyewe. Wewe tafsiri yako imenishinda."

Mtandio sikuufunua, lakini sauti niliitoa yote.

"Wazee wangu, mmesema kumgusa ni kosa. Sawa. Kosa linarekebishwa. Behewa lile bado lipo. Twendeni sasa hivi, hatua chache tu. Shemeji achuchumae palepale alipochuchumaa jana. Msukume behewa. Mimi nitakaa pembeni, mikono nyuma, mdomo nimeufunga. Sitamwita, sitamgusa. Kila kitu kitakuwa kama kilivyotakiwa kuwa. Halafu mwanangu mnipe."

Mzee Puran alikuwa amemtazama Hotam.

"Unasemaje?" akamuuliza.

Watu wakamgeukia. Sasa Hotam angesema nini? Angesema "hapana, namshukuru amenivuta", mambo yangeisha. Lakini mwanaume huyo na kilemba kile, mbele ya watu wale! Akajipiga kifua.

"Bora! Bora ningesagwa! Bora ningekufa jana kuliko kuishi na aibu hii!"

Wazee wakaguna kwa kumhurumia. Mmoja akasema, "Huyo ndiye mtu wa heshima."

Hapo ndipo Shyamwati aliposema. Shyamwati ambaye mbele za watu sauti yake haikuwahi kusikika.

"Mmemsikia?" akasema. "Baba Munesh anasema bora angekufa jana."

"Nyamaza wewe," Hotam akasema.

"Mimi nani wa kumbishia mume wangu? Kama anaona bora afe, basi na mimi nijiandae mapema, nisije nikaambiwa sina adabu."

Akanyoosha mkono wa kushoto, uliojaa bangili za kioo mpaka karibu na kiwiko, akaupiga kwenye ukingo wa baraza.

Chwaa!

Nyie, mnajua maana yake? Kwetu mwanamke anavunja bangili siku moja tu, siku anapofiwa na mume. Kuzivunja mume akiwa hai, ameketi hapo, anapumua, ni kama kumchimbia kaburi na kumwambia ajipime. Wanawake walipiga ukunga. Mama mkwe alimwachia Rachna, akashika kichwa. Mwanangu akaja mbio, nikaketi tena kumpokea, akanirukia shingoni.

Shyamwati akainua mkono wa kulia, ambao bado ulikuwa na bangili.

Na yule mtu wa heshima, yule ambaye bora angesagwa? Aliruka kutoka barazani kama mbuzi! Kilemba kule, kiatu huku.

"Mshikeni! Mzuieni! Mwanamke huyu ananiua! Shika mkono wake! Sitaki kufa mimi, sitaki kufa!"

Akatumbukia katikati yetu wanawake, mitandio tele, vipande vya vioo chini, vumbi. Akakamata mkono kwa mikono yake miwili, akaung'ang'ania kifuani, analia machozi.

"Usivunje, mama Munesh! Nakuomba! Nilisema tu, maneno tu, sikumaanisha! Usivunje!"



Mkono alioushika ulikuwa wangu.

Nimesema tulikaa goti kwa goti, njano kwa njano. Mwanaume huyo aliyelala na mkewe miaka kumi na tano hakujua mkono wa mkewe. Ameubana kifuani mkono wa mke wa mdogo wake, mbele ya ukoo mzima, na anaubusu!

Sikuuvuta. Ningeuvuta kwa nini? Nilimwacha aubusu mpaka achoke.

Shyamwati, pembeni yangu, akasema taratibu, "Baba Munesh. Mimi niko huku."

Hotam akatazama mkono. Akatazama alipo mkewe. Akatazama tena mkono, akaona michubuko ya kokoto.

Pale barazani mzee Puran alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka chai ikampalia, wakampiga mgongoni. Alipopata pumzi akafuta macho.

"Hotam," akasema, "mwachie mke wa mdogo wako."

Wanaume wakalipuka. Wale wale waliobishania mkono wa kulia na wa kushoto, walikuwa wanagaragara kwenye mikeka.

"Sasa tumrudishe nani kwao?" mzee Puran akauliza. "Yeye alikushika mara moja, behewa linakuja. Wewe umemshika sasa hivi kwa mikono miwili, na behewa silioni."

Hotam aliokota kilemba, akakitikisa vumbi, akaondoka kupitia vichakani. Kikao kilikufa hapohapo. Hakuna aliyesema nimeshinda wala nimesamehewa. Walimaliza chai, wakaenda kazini, na mimi nikaenda kazini, Rachna mgongoni.

Sasa msidhani walibadilika. Mama mkwe alinirudishia jikoni kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kupika. Lakhan aliniambia jioni ile, "Unaona? Nilikwambia yataisha." Na mpaka leo ninapoandika, kwenye nyumba ile hakuna aliyewahi kuniambia asante kwa kumwokoa yule mtu. Hata kwa bahati mbaya.

Wiki ile nilimuuliza Shyamwati tukiwa tunatoa vipande vya kioo mkononi mwake kwa sindano.

"Dada, kweli ungezivunja zote? Hata za mkono wa kulia?"

Akavuta pumzi, maana kipande kilikuwa kimeingia sana.

"Anasema bora kufa kwa sababu hajawahi kusikia bangili za mjane zikivunjika. Mimi mama yangu alivunja za kwake nikiwa nimesimama karibu. Nilitaka na yeye asikie."

Hakununua nyingine kwa mkono ule. Watu walimsema sana, akawaacha waseme.

Basi mimi somo langu ni fupi, na sikulipata hekaluni. Ukiona mtu anakaribia kufa, mshike. Usiulize wewe ni nani kwake, usiulize nguo yake iko wapi, usisubiri ruhusa ya wazee. Kama atakuja kukulaumu, na alaumu. Ili akulaumu, lazima kwanza awe hai.